Mwongozo wa Kununua Zana ya Mahitaji kwa Mhandisi Asiyeshuku Kitu

Mhandisi mwenzangu, ukiona jina lako kwenye kamati ya kuchagua programu ya kusimamia mahitaji ya mradi, usihangaike kumtafuta aliyekuponza. Kaa, andaa kalamu, fuata mwongozo huu. Ukiufuata wote utanunua kitu ghali, na hakuna atakayeweza kukulaumu wewe peke yako.

Anza na jedwali. Upande wa kushoto orodhesha kila sifa inayokujia kichwani: inatunza historia, inaunganisha hitaji na jaribio lake, inatoa ripoti, inaongea na programu nyingine, inafunguka kwenye simu (hakuna atakayesoma mahitaji ya breki kwenye simu, ila weka). Juu andika majina ya zana. Kisha wape wauzaji wajijazie wenyewe. Majibu yatarudi yamejaa vema kila mahali, hata kwenye sifa mbili zinazopingana. Usimwite muuzaji mwongo. Kila kitu kinawezekana, mradi umlipe na mshauri wake. Sasa ipe kila sifa uzito, zidisha, jumlisha, na mshindi atapatikana kwa tofauti ya nukta chache. Kama mshindi huyo siye yule ambaye mkurugenzi alikutana naye kwenye maonyesho ng'ambo, rekebisha uzito mpaka awe yeye.

Kuna kitu kimoja ambacho kamati isikiguse kamwe, nacho ni mahitaji yenyewe. Kununua kabati kunafurahisha kuliko kukunja nguo. Fungua waraka wa mradi wowote ulio karibu nawe, hutakosa sentensi kama hii: "Mfumo uwe wa haraka na rahisi kutumia." Haraka kiasi gani? Rahisi kwa nani? Sentensi hiyo itaingia kwenye zana mpya, itapewa namba, mwenye dhamana, tarehe na rangi ya kijani, na bado hakuna binadamu atakayeweza kuipima.

Mwaka 2009 Alistair Mavin na wenzake wa Rolls-Royce, waliokuwa wakihangaika na kanuni za usalama zinazohusu udhibiti wa injini za ndege, walitangaza utaratibu wanaouita EARS. Ni mwepesi hadi unatia aibu. Taja kwanza hali au tukio, kisha mfumo unaohusika, kisha kile ambacho sharti ufanye. Kwa mfano: "Shinikizo la mafuta likishuka chini ya kiwango kilichowekwa, kidhibiti cha injini sharti kiwashe taa ya onyo ndani ya sekunde moja." Hiyo inapimika, na hata fundi wa zamu ya usiku anaweza kuibishia. Kuiandika kunataka penseli na watu wawili walio tayari kugombana kistaarabu. Kwa kuwa hakuna anayepata kamisheni kwa kuuza penseli, hutaikuta EARS kwenye jedwali lako.

Tuje kwenye zana. Ya kwanza haiji kwenye zabuni kwa sababu imeshajaa kwenye kompyuta zote za ofisi: Excel. Kila mtu anaijua, na kila mtu ana nakala yake, ikiwa na jina kama "mahitaji_ya_mwisho_kabisa_3_bosi". Mwenyekiti wa kamati atasema mali bila daftari hupotea bila habari, na atakuwa amesema kweli, ila hapa madaftari ni kumi na moja na kila moja lina habari zake. Lahajedwali pia halipigi kelele linapokosea. Mwezi Oktoba 2020 Uingereza iligundua kwamba karibu majibu 16,000 ya watu waliokutwa na korona hayakuingia kwenye hesabu kwa wakati, kwa sababu data ilipitishwa kwenye faili la muundo wa zamani wa Excel, ambalo ukomo wake ni mistari 65,536. Lilipojaa, mistari iliyobaki ikaachwa nje kimyakimya. Pamoja na hayo, mradi wa watu watano wenye mahitaji mia mbili unaweza kuishi vizuri kabisa kwenye lahajedwali moja linalolindwa na mtu mmoja mkali. Maneno haya usiyatamke mbele ya muuzaji, utamharibia chakula cha mchana alichokulipia.

Babu wa ukoo huu ni DOORS. Ilizaliwa Uingereza, kwenye kampuni ya QSS ya Oxford, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mwaka 2000 QSS ilinunuliwa na Telelogic ya Sweden, na mwaka 2008 Telelogic nayo ikaishia mikononi mwa IBM. Kwa watu wa ndege, reli, zana za kijeshi na magari, kwa miaka mingi kusema mahitaji ilikuwa ni kusema DOORS. Ukiifungua ile ya asili utadhani kompyuta yako imerudishwa nyuma robo karne. Usiicheke. Kila hitaji ndani yake lina namba isiyohama: hitaji la 412 likifutwa, hakuna mgeni atakayepewa 412. Moduli inasomeka kama waraka, kuanzia juu kwenda chini, hivyo mzee wa mitambo anayechukia kompyuta bado anaelewa yuko wapi. Na kati ya moduli na moduli unaweza kuvuta kiungo kuonyesha kwamba hitaji hili la pampu limetokana na lile la injini. Zana karibu zote zilizokuja baadaye zinauza mambo hayo hayo matatu, zikiwa zimepakwa rangi mpya.

Mitego yake haimo kwenye vipeperushi. DOORS ina lugha yake ya kuandikia skripti, DXL, na mashirika yaliyokaa nayo muda mrefu yana rundo la skripti zilizoandikwa na fundi mmoja, bila maelezo hata mstari, na fundi mwenyewe yuko shambani anafuga kuku. Ripoti anayoitaka mteja kila mwisho wa mwezi inatoka humo. Hakuna anayejua inatokaje, na hakuna anayethubutu kugusa. Utakapoleta hoja ya kuhama ndipo utakapofahamu kwamba shirika halikununua programu peke yake, lilimnunua na yule mzee. Halafu kuna leseni za kupokezana, ambazo bei yake hupendeza sana kwenye karatasi. Mtu mmoja anaifungua saa mbili asubuhi, anakwenda kwenye kikao mpaka saa nane, na wewe unabaki unapiga simu kila idara kuuliza nani ameikalia.

Mtego ninaoupenda zaidi ni DOORS Next. Kwa jina utadhani ni toleo jipya la ile ya zamani, kama simu inavyotoka kila mwaka. Siyo. Ni bidhaa nyingine iliyojengwa upya juu ya jukwaa la IBM linaloitwa Jazz na kufunguliwa kwenye kivinjari. Kutoka kwa babu kwenda kwa huyu si kubonyeza kitufe cha kusasisha. Ni mradi kamili wa kuhamisha data, na zile skripti za DXL hazipandi basi hilo. Kwa hiyo anayekuambia amelinganisha zana fulani na "DOORS", muulize amelinganisha na ipi.

Waliobaki tuwapitie harakaharaka. Polarion, yenye asili ya Stuttgart na mali ya Siemens tangu 2016, inakuwezesha kuandika waraka unaofanana na wa Word huku kila aya ikiwa ni kitu chenye maisha yake kwenye hifadhidata. Ni nzuri, na itakufundisha subira siku utakayotaka kubadili mpangilio wake. Codebeamer nayo ni ya Stuttgart, na mwaka 2022 ilinunuliwa na PTC. Watu wa magari wanaipenda. Jama ni ya Portland, Marekani, na nguvu yake ni pale watu wengi wanapotakiwa kusoma, kutoa maoni na kuidhinisha bila kutumiana barua pepe arobaini. Ukiwa huna fedha ila unao vijana wanaoijua Git, ipo Doorstop, ya bure, inayohifadhi kila hitaji kama faili dogo la maandishi pembeni ya msimbo wenyewe. Kamati haitaipenda. Haina mtu wa kuja kuwafanyia demo.

Utaambiwa pia, "Sisi tunayo Jira, inatosha." Hapo simama kidogo. Jira ilianza kama programu ya kufuatilia hitilafu na kazi, na kazi ina sifa moja tamu: huisha. Mchoro wa breki ukikamilika, tiketi inafungwa na watu wanapeana mikono. Hitaji kwamba gari lisimame ndani ya umbali fulani barabara ikiwa imelowa halifungwi. Litakuwa hai mpaka gari la mwisho la aina hiyo liuzwe kama chuma chakavu. Vipo viongezo vya kuifundisha Jira tofauti hiyo, na vingine ni vizuri. Ila miradi mingi haipandi ngazi hiyo, na miaka miwili baadaye mtu anauliza kwa nini kikomo cha joto ni nyuzi 85, na jibu limelala kwenye tiketi iliyofungwa na kijana aliyekwishahama kazi.

Baada ya kununua utaona viungo vya kijani na moyo utatulia. Kabla haujatulia sana, kumbuka chombo cha Mars Climate Orbiter cha NASA. Kilipotea tarehe 23 Septemba 1999 kwa kupita karibu mno na sayari ya Mirihi, kwa sababu programu ya ardhini ya mkandarasi ilitoa takwimu za msukumo kwa vipimo vya Kiingereza, yaani pauni, huku waongozaji wa safari wakizisoma kama nyutoni. Tofauti ni zaidi ya mara nne. Wengi husimulia kisa hiki kama vile hakuna aliyefikiria vipimo. Sivyo. Waraka wa makubaliano baina ya mifumo hiyo miwili ulisema wazi vitumike vipimo vya metriki. Hitaji lilikuwepo, limeandikwa, linapimika. Kilichokosekana ni mtu wa kuchukua faili lililotoka upande mmoja na kulilinganisha na kile waraka ulichosema. Kiungo cha kijani kingekuwepo na chombo kingepotea vilevile.

Hilo linatuleta kwenye wiki ya ukaguzi. Viwango kama ISO 26262 vya magari na DO-178C vya programu za ndege vinataka uweze kutoka kwenye hitaji mpaka kwenye jaribio na kurudi, bila kupotea njiani. Kusudi lake ni kwamba ukibadilisha hitaji leo, ujue leo hii ni majaribio gani yamekufa. Zana nzuri hukuwekea alama ya shaka kwenye kila kiungo ambacho ncha yake moja imeguswa. Utaratibu wenyewe katika miradi mingi uko hivi: alama za shaka zinaachwa zirundikane mwaka mzima, kisha usiku wa kuamkia ukaguzi vijana watatu wananunuliwa chipsi na kuambiwa wazifute zote. Asubuhi kila kitu ni kijani. Mkaguzi mzoefu huanza kwa kutazama saa ambazo viungo viliidhinishwa.

Kuhusu kitufe cha akili unde kinachopima ubora wa sentensi zako, kitumie. Kitakuambia kwamba "haraka" haipimiki. Hakitajua mteja alimaanisha sekunde ngapi.

Imebaki demo. Muuzaji atakuja na mradi wake wa mfano, mara nyingi gari au ndege ndogo isiyo na rubani, wenye mahitaji thelathini safi yasiyo na picha iliyopinda hata moja. Muombe atumie wa kwako. Mpe moduli yako chafu kuliko zote, yenye majedwali ndani ya majedwali, milinganyo iliyobandikwa kama picha na viungo vinavyovuka nyaraka nne. Aiingize, halafu aitoe tena kwa muundo wa ReqIF, ambao uliasisiwa na kampuni za magari za Ujerumani na kufanywa kiwango cha kimataifa mwaka 2011, mahususi ili mahitaji yaweze kuhama kutoka zana moja hadi nyingine. Maandishi yatapona. Sifa za kila hitaji na viungo huenda vikapona. Kisha tafuta historia ya mabadiliko, ruhusa za nani anaona nini, idhini zilizosainiwa na mpangilio wa ripoti, uone vimebaki wapi. Muulize na bei ya mwaka wa nne, baada ya punguzo la wateja wapya kwisha. Akisema atalifuatilia na wataalamu wake kisha akupigie wiki ijayo, mpe namba ya mwenyekiti.