Shangazi wa Matairi na Barua za Matope

Tangu masika yaanze, Shangazi hapati tena barua za wachumba. Wanaomwandikia sasa ni wenye RAV4, X-Trail na Forester, ingawa kilio chao hakijabadilika sana: "Nililiamini, likaniacha njiani."

Wa kwanza amejiita Mwenye Beji wa Kitengela. Aliyemuuzia RAV4 alimwapia kwamba gari lenye herufi AWD mlangoni pa buti halishindwi na njia. Jumapili, mvua ikiwa imekatika asubuhi hiyo hiyo, akaiacha lami kwenda kukagua kiwanja chake. Kiwanja hakukiona. Alilala garini, na kulipokucha akachomolewa na trekta. "Shangazi, ni kweli gari hili lina nguvu magurudumu yote manne, au nimeuziwa mbuzi kwenye gunia?"

Shangazi anamtuliza: mbuzi ni wake halali, ila amezisoma herufi tatu kama cheti cha ndoa. Mfumo ule hupeleka nguvu za injini kwenye magurudumu yote manne, basi. Unalisaidia gari kuondoka. Hauinui tumbo lake, ambalo kwa magari ya aina hiyo liko kama sentimita 20 kutoka ardhini, wala haulipi ile gia nzito ya kukokotea iliyomo kwenye Land Cruiser. Kusimama nako hakuna upendeleo, maana hata Vitz hufunga breki kwa magurudumu manne.

Halafu kuna ule udongo mweusi wa Kitengela. Ukinywa maji huvimba, hunata, na hujaza meno ya tairi mpaka tairi jipya likawa kipara. Hapo tofauti ya gari hili na la jirani ni kwamba hili linateleza kwa magurudumu manne na lile kwa mawili.

Mwenye Beji anakiri kwamba alipokwama alizidi kukanyaga mafuta, hadi taa ya onyo ikawaka na magurudumu ya nyuma yakaacha kuzunguka. Hilo halikuwa kosa la gari. Kwenye magari mengi ya namna hii nguvu hufika nyuma kupitia klachi ndogo inayoongozwa na kompyuta; ikisuguliwa sana hupata moto, na kompyuta huikata ili isiungue. Kitufe cha LOCK nacho huunganisha mbele na nyuma mwendo ukiwa mdogo. Hakiunganishi gurudumu la kushoto na la kulia, ndiyo maana gari likining'iniza moja la mbele na moja la nyuma, yale yanayoelea ndiyo yanayozunguka.

"Mwanangu, siku nyingine shuka utembee kwanza," anaandika Shangazi. "Kiatu kikirudi na kilo ya udongo, geuza gari ukiwa bado kwenye ardhi ngumu." Ikibidi kupita, ni gia ya chini, mwendo mmoja, bila kukatakata usukani. Magurudumu yakianza kuzunguka mahali pamoja, mguu utoke kwenye mafuta mara moja. Acha mitambo ipoe, chukua sepeto uchimbue matairi na chini ya tumbo, tandika matawi au mazulia ya gari, kisha rudi nyuma kwenye alama zako mwenyewe. Huko unajua ulipita.

Barua ya pili imetoka Mwingi. Mwandishi anauliza Forester inaweza kuvuka mto wa kina gani, kwa kuwa ana harusi ng'ambo. Hapa Shangazi anaacha mzaha. Desemba 2021, kwenye mto Enziu, si mbali na huko Mwingi, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa, wakafa watu zaidi ya 30. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kulisukuma gari dogo. Yakifika 60 hubeba hata magari mengi makubwa. Hata yakiwa yametulia, injini huvuta hewa kwa mbele, karibu na taa, na maji yakiingia kwenye silinda hayabanwi kama hewa. Kinachopinda ni chuma. Jibu ni hapana. Bwana harusi atasamehe.

Mchumi wa Dodoma amebadilisha matairi mawili tu, na gari limeanza kunguruma kwenye kona. Tairi jipya na lililolika hutofautiana mzunguko, na tofauti hiyo huisaga mitambo inayogawa nguvu hata kwenye lami kavu. Anunue mengine mawili yanayolingana. Ni ghali, lakini gia boksi ni ghali zaidi.

Wapendanao wa Pangani wanataka kuendesha ufukweni. Shangazi hawakatazi, ila anawataka washushe upepo wa matairi kutoka 32 hadi 20 hivi, ili tairi litanuke juu ya mchanga, wasikate kona kali, na wawe na pampu ya kujaza kabla ya kurudi lami. Zaidi ya yote waulize wavuvi saa ya maji kujaa. Siku za bamvua, katika pwani hii, maji hupanda karibu mita 4, nayo hayasubiri mtu amalize kupiga picha.

Ya mwisho ni ya Mama Watatu: jirani mwenye Prado yuko tayari kumvuta, lakini anataka kufunga kamba kwenye kile kichwa cha mviringo cha kukokotea tela. Asikubali. Kikikatika huruka kwa kasi ya kuua, na watu wameshauawa hivyo. Gari lake lina pete ya kuvutia, mara nyingi imewekwa pamoja na jeki chini ya zulia la buti. Ikazwe mpaka mwisho. Prado ivute polepole, bila kushtua, na watoto wote watatu wasimame mbali na kamba.