Ukili wa Bibi na Kompyuta ya Maskati

Bibi yetu anasuka ukili tangu utotoni, na hapa Wete ukitandika mkeka mbele yake huiona chane iliyokosewa kabla hajaketi. Siku hizi vidole vinamkaza. Ndipo nyumba nzima tukakubaliana kwamba mikono yake ipigwe video, iingizwe katika somo la kompyuta, na watoto wa skuli ninayosomesha waifungue, waisimamishe na kuirudia mpaka waelewe.

Kompyuta za skuli ni za zamani, za msaada: Pentium 4 zenye Windows XP. Ukumbini kwetu ipo moja ya rika hilohilo, aliyotuletea Ami kutoka Maskati alipokuja kuoza binti yake, na Mama huifunika kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Chochote kitakachochezeka ukumbini, na kule kitachezeka. Basi kitambaa kikaondolewa.

Wifi yangu ndiye mwenye simu mpya, kwa hivyo kazi ya kupiga video akaishika yeye, na aliifanya kwa moyo wote. Akaiweka simu kwenye ubora wa juu, pikseli 1920 kwa 1080, katika fomati ya H.265, kwa kuwa faili lake huwa dogo na picha hutoka safi. Baada ya sala ya Isha tukakusanyika. Mwanawe Wifi, ambaye ndiye fundi wa nyumba, alishatia VLC, programu iliyoanza kwa kazi ya wanafunzi wa chuo kimoja cha Ufaransa mwaka 1996 na inayofungua karibu kila faili la video. Ikalifungua. Sauti ya Bibi ikatiririka: chukua hii, ipitishe chini, vuta. Picha ikaganda. Ikaruka. Ikaganda tena.

"Huyo si mimi," Bibi akasema. "Mimi sisuki hivyo."

"Ni wewe, Bibi. Kompyuta tu inachelewa."

"Pale nimekunja chane, mara naiona imeshafika upande wa pili. Baina yake mmepapeleka wapi?"

Hakuna aliyemjibu, na Bibi akaingia chumbani kwake bila ya kumaliza chai.

Swali lake lilikuwa la haki kabisa, na jibu lake ndilo jambo lote. Video yenye fremu 25 kwa sekunde huipa kompyuta milisekunde 40 tu kuifungua na kuionesha kila picha. H.265, iliyopitishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2013, huibana picha kwa ustadi mkubwa, na kadiri ilivyobanwa kwa ustadi ndivyo kuifungua kunavyotaka hesabu nyingi. Simu ya Wifi ina sehemu maalumu ya kufanya hesabu hizo. Kompyuta ya Ami ilitengenezwa kabla fomati hiyo haijakuwapo. Inaitegemea prosesa yake peke yake, na prosesa hiyo haiwahi. Ikishachelewa, programu huzitupa baadhi ya fremu ili isiachwe na sauti.

Zinazotupwa ndizo zenye kidole kikiivusha chane. Katika video ya harusi, fremu kadhaa zikipotea bibi harusi ataonekana tu. Katika somo la kusuka, mwendo wa mkono ndio somo lenyewe. Mtoto akioneshwa mwanzo na mwisho bila ya katikati, hakufunzwa kitu. Tangu usiku ule sikutaka tena kusikia habari ya picha kuwa nzuri. Nilitaka picha iliyo kamili.

Kijana huyo wa Wifi akashika kazi ya kuibadilisha video. Kwanza aliijaribu H.264, ya mwaka 2003, kwa ukubwa uleule wa picha. Kompyuta ikakwama vilevile, ingawa si vibaya kama mwanzo. Akaipunguza picha na kuiacha mashine ifanye kazi usiku kucha. Kabla ya alfajiri mvua ya masika ikashuka kwa radi na umeme ukakatika. Asubuhi faili lilikuwapo, tena zito, lakini halifunguki. Faili la MP4 kwa kawaida huandikiwa faharasa yake mwishoni kabisa. Kazi ikikatika kabla ya hapo, yote yaliyotangulia hayasomeki.

Likafuata la Bibi kulala ubavu. Wifi alikuwa ameishika simu wima, na simu ikishikwa hivyo huandika alama inayosema picha igeuzwe. Programu kongwe ya kubadilishia tuliyokuwa nayo haikuisoma alama hiyo. Bibi akatokea amekaa ukutani, ukindu unateremka kuelekea dirishani. Watoto wakacheka mpaka Mama akawatoa nje, kwa sababu Bibi yeye hakuona cha kuchekesha.

Mara iliyofuata simu ikalazwa, na Wifi, aliyetaka Bibi apendeze, akatundika kanga mpya nyuma yake na kuwasha feni. Kiooni picha ikaenda bila ya kukwama, sote tukashusha pumzi, kisha Bibi akasogea mbele akakunja uso. Ukindu mwekundu na wa zambarau ulikuwa umeyeyukiana. Chane hazihesabiki. Ilitubidi tufikiri kwa nini. Fomati hizi haziandiki kila fremu upya. Huandika fremu moja nzima, kisha zinazofuata huandikiwa yaliyobadilika tu. Kitu kilichotulia hakina gharama. Kanga yenye maua mengi, inayopepea kwa upepo wa feni, hubadilika kila pembe na kila fremu, na data chache tulizozitenga zikaishia katika maua. Vidole vikapata makombo.

Aliyetutoa ni Mama. Alikuwa akisikiliza ugomvi wetu kimya, akichambua mchele, kisha akauliza: "Mbona sidii zangu za taarabu zinakwenda humohumo bila ya matata?"

Akaenda kabatini, akarudi na VCD ya harusi ya zamani, ya enzi zile kila nyumba ilipokuwa na deki. Kijana akaiingiza. Wapiga fidla wakapiga, wanawake wakatunza, mikono ikapanda na kushuka bila ya kukatika hata mahali pamoja. Akaifungua diski kutazama ndani, na katika folda ya MPEGAV akakuta faili la DAT ambalo kwa hakika ni video ya MPEG-1.

VCD ni ya mwaka 1993, na MPEG-1 ilichapishwa kuwa kiwango mwaka huohuo. Ilikusudiwa mashine zilizokuwa dhaifu kuliko yetu. Picha ya VCD kwa nchi zetu ni pikseli 352 kwa 288, fremu 25 kwa sekunde; video na sauti kwa pamoja huchukua kiasi cha megabaiti 10 kwa dakika, hata diski moja ikabeba dakika 74. Windows XP huifungua bila ya kuongezewa kodeki yoyote, jambo kubwa kwa skuli ambayo kila kompyuta ingebidi ihudumiwe peke yake. Na umeme ukikatika katikati ya kazi, kilichokwisha kuandikwa hubaki kinachezeka.

Wifi aliumia, na ninamwelewa. Picha yake ilikuwa na pikseli zaidi ya milioni 2. Tulimwambia ziwe kama 100,000, ukubwa uliopungua zaidi ya mara 20. "Nimepiga uso wa Bibi mpaka mikunjo inaonekana," akasema, "nanyi mnataka kumfanya ukungu." Tukakubaliana hivi: video zake za asili zihifadhiwe kama zilivyo kwenye diski ya nje, zisiguswe, kwani kompyuta za skuli hazitabaki hizo milele. Za somo zipigwe upya, na picha ndogo isipewe mambo mengi ya kubeba.

Bibi akakaa karibu na dirisha asubuhi, jua likiwa pembeni. Simu ikafungwa imara juu ya kigoda, kamba mbili, isitikisike. Nyuma pakatandikwa shuka jeupe lisilo na ua. Feni ikazimwa. Picha ikajaa mikono miwili na ukili, basi. Uso wa Bibi tukauweka mwanzoni, anapotoa salamu. Simu ikawekwa fremu 25 kwa sekunde tangu kupiga, ili wakati wa kubadilisha isitupwe hata moja. Kijana akakata pembeni ili picha ikae sawa katika umbo la VCD bila ya kumrefusha mtu vidole.

Jioni Bibi akatazama akiwa amesimama. Akaitazama chane ikikunjwa, ikipita chini, ikivutwa. Akasema: "Hapo sasa."

Yalibaki ya skuli. Somo lilitengenezwa katika PowerPoint 2003, na toleo hilo haliiingizi video ndani ya faili. Hukumbuka tu mahali ilipo. Kijana alinitilia flashi somo peke yake, na darasani tukakuta mraba mweusi penye mikono ya Bibi. Akaja mbio kwa baiskeli, nguo imelowa jasho, na folda nzima. Tukaiweka video na somo katika folda moja kwenye kila mashine, tukaunganisha upya, na kompyuta zote zikaonesha. Wasichana wawili wa nyuma wakawa wanasimamisha kila baada ya chane moja, wakihesabu kwa sauti, na mmoja akatoa ukindu mfukoni.

Sehemu ya kushona ukili kuwa mkeka bado haijapigwa. Bibi keshautia ukindu majini ulainike, na Wifi anatafuta pa kuifunga simu, kwani kushona hufanywa chini sakafuni na kigoda hakitafaa.