Mfanyakazi Hodari

Kila Mei Mosi maofisini huchaguliwa mfanyakazi hodari. Hupewa cheti na bahasha, na kwenye ofisi zenye uwezo zaidi hupewa friji, huku akipigiwa makofi na wenzake wanaojua fika kwamba mwaka huu ilikuwa zamu yake tu.

Safari hii napendekeza jina lisilo na mizengwe: kunguru. Simsemi yule wa asili mwenye fulana nyeupe kifuani, ambaye mjini ameshasukumwa pembeni. Namsema huyu mweusi, mwembamba, mwenye shingo ya kijivu, ambaye Dar es Salaam nzima inamjua kwa sauti kabla haijamwona. Itifaki imezingatiwa.

Tuanze na wasifu wake. Huyu hakuzamia. Aliletwa kutoka India hadi Unguja miaka ya 1890, Waingereza wakiwa wameshika hatamu, kwa kazi maalumu ya kula taka za mji. Yaani ni mwajiriwa halali. Hakuna aliyemwandikia mwisho wa mkataba, hakuna aliyemkumbusha umri wa kustaafu, naye hakuuliza. Mombasa aliripoti mwaka 1947. Huku kwetu alivuka mwenyewe, na sijasikia popote kwamba alidai nauli.

Sifa yake kuu ni mahudhurio. Adhana ya alfajiri ikimalizika, yeye ameshasaini. Hana koti la kutundika kwenye kiti ili watu waamini yupo, ametoka mara moja. Hajawahi kumwambia mwananchi kwamba mtandao unasumbua, wala kwamba faili liko kwa bosi na bosi yuko kikaoni. Idi yupo, Krismasi yupo, siku ya uchaguzi yupo. Nenda Feri asubuhi, pale soko la samaki, uone utumbo wa changu unavyopokelewa kabla haujagusa sakafu. Ofisi gani nyingine mjini humu inakupokea hivyo? Semina elekezi ya Morogoro hajaisikia. Akiona kiroba kimepasuka haandiki dokezo la kuomba idhini ya kuandika dokezo. Anapiga kelele mara tatu, na kabla hujafunga dirisha idara nzima imefika, wakubwa kwa wadogo, wote wanafanya kazi, hakuna aliyekuja kusimamia.

Na uhamisho wake! Watu wa Tabata walilishtaki Jiji kwa sababu ya dampo, wakashinda mahakamani mwaka 1988. Dampo likahamahama, likafika Vingunguti, baadaye Mtoni, mwishowe Pugu Kinyamwezi. Kunguru kalifuata kote huko bila posho ya uhamisho wala gari la kubebea mizigo. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa ikaja Tume. Mwaka 2000 zikaja manispaa tatu. Mwaka 2021 Jiji likavunjwa tena na Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji. Kila mara vibao vya ofisi vilipakwa rangi upya na mihuri ikachongwa upya. Meza ya kunguru haikutikisika.

Sifa nyingine nazitaja kwa haraka. Ni msafiri: wenzake wachache walidandia meli miaka ya 1990 wakatokea Hoek van Holland, kule Uholanzi, bila viza. Ana kumbukumbu ya sura, kama anavyojua kijana wa jirani aliyemrushia jiwe na sasa hatoki nje bila kofia. Ni fundi pia. Ulipokatwa mwembe wa nyuma kwetu, kiota kilianguka kizimakizima. Kilisukwa kwa waya wa kufungia nondo, hanga za nguo na kipande cha waya wa antena, vyote vimepindwa kwa ustadi ambao fundi aliyenijengea ukuta hanao. Ndani kabisa, mahali pa mayai, palitandikwa nywele za rasta.

Lakini sabuni, jamani. Sabuni! Mtu unafua uani, unageuka kuchota maji, ukirudi kipande cha mche hakipo. Ile si taka. Ile imenunuliwa dukani kwa pesa. Nimemwona juu ya ukuta akiidonoa, ananitazama kwa jicho moja, halafu anageuza shingo anitazame kwa la pili, kana kwamba mimi ndiye niliyeingia kwake bila hodi. Vifaranga ndiyo usiseme. Mama aliacha kabisa kufuga kuku wa kienyeji. Shomoro hawaonekani tena, na chozi waliokuwa wakija kunyonya maua ya mgomba wametoweka, kwa sababu mayai yao anayala na makinda yao anayala. Ni jambazi huyu, tena la mchana kweupe, na ndilo linalopiga yowe kama vile limeibiwa.

Nafuta kauli hiyo. Iondolewe kwenye kumbukumbu.

Wapo waliojaribu kumwachisha kazi. Zanzibar waliendesha kampeni miaka ya 1990, wakampunguza kweli. Kampeni ilipokoma akazaana upya. Kenya mwaka 2024 walitangaza wataangamiza kunguru milioni moja. Sina ugomvi nao. Ninachojua ni kwamba mtumishi huyu halipwi na hazina. Mshahara wake tunauweka wenyewe barabarani, ndani ya viroba, na hatuchelewi hata siku moja.

Mtaani kwetu gari la taka linapita Jumanne. Jumanne ipi, hapo ndipo penye mjadala. Viroba vinatolewa Jumatatu usiku. Ikifika Alhamisi, na jua hili la Pwani, vinaanza kutoa maji ya rangi ambayo haina jina, na magamba ya samaki na maganda ya ndizi yako katikati ya njia ya watoto wa shule. Jumamosi mvua ikinyesha, jirani yangu mmoja, mtu mzima, mwenye heshima zake, anavisukuma vyote kwenye mtaro kwa fagio, halafu maji yanapoingia ndani kwake anailaumu serikali. Gari likitokea hatimaye, vijana walioning'inia nyuma wanataka kwanza "ya maji", vinginevyo kiroba chako ni kizito.

Anayekuja kwa wakati ni yule wa ada ya taka, na kimashine chake cha risiti. Huyo hata msibani anakukuta. Ukimuuliza gari liko wapi, anasema yeye ni wa upande wa makusanyo.

Basi ukaitishwa mkutano wa mtaa, ajenda ya kwanza kunguru. Tuliongea kwa hasira iliyopitiliza. Mzee mmoja alisema ni ndege wa kichawi. Mwingine alisema aletwe mtu mwenye bunduki. Mtaalamu alieleza habari ya sumu inayotegwa kwenye nyama, na watu wakaandika. Mama anayekaanga samaki pale kona akanyoosha mkono, akauliza wakishakufa hao kunguru, huu utumbo wa samaki ataula nani? Palikuwa na kicheko. Mwenyekiti akasema swali la mama ni zuri sana na litaingizwa kwenye mengineyo. Kwenye mengineyo muda ulikuwa umekwisha.

Lililopitishwa ni mchango: kila kaya elfu mbili, za sumu. Kijana wa kimashine, ambaye muda wote alikuwa ameketi nyuma kabisa karibu na mlango, akasimama akaanza kukusanya palepale, na hakuna aliyetoka bila risiti. Sumu yenyewe, tukaambiwa, italetwa Jumanne.