Dakika Tatu za Msomi

Waaustralia wana uchokozi. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Queensland kilianzisha shindano: mwanafunzi wa uzamivu aeleze utafiti wake kwa dakika 3, kwa slaidi 1 isiyochezacheza, mbele ya watu wasioijua fani yake. Tasnifu ya maneno 80,000, ambayo kuisoma kwa sauti kungechukua kama saa 9, ikamuliwe hivyo! Na wazo lenyewe lilitoka bafuni: ukame ulikuwa umebana, watu wakawa wanaoga kwa kupimiwa dakika 3.

Sasa mlete msomi wetu hapo. Dakika ya kwanza ni ya itifaki: mgeni rasmi, makamu mkuu wa chuo, wakuu wa ndaki, nanyi nyote kwa nyadhifa zenu. Ya pili, kumshukuru msimamizi. Ya tatu, kusoma kichwa cha utafiti, chenye nukta pacha katikati na “uchunguzi kifani” mkiani. Slaidi anayo moja, kweli, ila amezishindilia humo sura zote tano pamoja na jedwali, kwa herufi za ukubwa wa chawa. “Kama mnavyoona,” anasema. Nani anaona?

Ukimshauri arahisishe, ananuna: watu wakielewa, si watauliza maswali?

Na kweli, mzee mmoja mkulima ananyoosha mkono. “Mwanangu, hongera. Kwa hiyo huyo dumuzi wa mahindi, anakufa au hafi?”

Msomi anakohoa, anaweka tai sawa. “Hilo, mzee wangu, linahitaji utafiti zaidi.”