Bidoni ya Mawese na Vitenzi vya Kiingereza

Msomaji mwenzangu, kama nyumbani kwako kuna mtoto anayejiandaa kwa Exetat, ule mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, njoo tukae upande mmoja, maana shida yetu ni moja. Binti yangu mkubwa, tunayemwita Bibi Kamusi, siku hizi hasikii ukimtuma maji, hasikii sombe ikiungua. Anasikia Kiingereza tu.

Na Kiingereza chenyewe hapa Hombo utakisikia wapi? Nyumbani tunasema Kitembo na Kiswahili, darasani Kifaransa. Pale darajani, mto unapotenga Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, madereva wa barabara ya Bukavu kwenda Walikale na Kisangani wanagombana kwa lugha zote isipokuwa hiyo. Lakini Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mkataba wa Jumuiya hiyo wa mwaka 1999 unataja Kiingereza kuwa lugha rasmi. Mama watoto aliposikia hayo akaapa kwamba binti yake atakijua, na mama watoto akishaapa, sisi wengine tunafuata.

Basi jioni moja ya mvua Bibi Kamusi akaja na orodha: grip, grasp, clutch, clasp, clench, cling. Kamusi yake ya Kifaransa ilikuwa ikimrudishia maneno yale yale mawili, tenir na serrer. Alikuwa karibu kulia. Nikamwambia, "Mama, mbona hata sisi hatuna kushika kumoja? Anayefumbata noti, anayepakata mtoto na anayeng'ang'ania mlango wa gari, wote wameshika, lakini kila mmoja kivyake."

Kabla hajajibu, akaingia shemeji yangu, motari tunayemwita Ambreyaji kwa sababu kila hadithi yake inaishia kwenye ambreyaji ya pikipiki. Ameloa chapachapa, kwapani ana kuku wa zawadi. Kitinda mimba wetu, Kupe, akamrukia mguuni. Shemeji akayumba, kuku akachoropoka, akapanda mezani, akapiga bidoni ya mawese. Mama mkwe wangu, Koko Kufuli, mlinzi wa funguo na vyakula vyote vya nyumba hii, akaiwahi bidoni na kuibana kifuani, lakini kifuniko kilikuwa kimeshatoka. Sakafu ikawa nyekundu. Sasa kamata kuku aliyeoga mawese, kama unaweza! Mimi namshika bawa, linateleza. Shemeji anamshika mguu, unateleza. Mama watoto amesimama mlangoni, ameuma meno, amekunja ngumi, hasemi neno. Mume yeyote anajua ukimya huo.

Ndipo Bibi Kamusi akafungua daftari. Kupe, aliyekuwa bado mguuni kwa mjomba wake, akaandikwa cling: kushika kwa mwili mzima, kwa kukataa kuachwa. Kitenzi hicho hufuatwa na "to", na wakati uliopita kinakuwa clung. Hata shati lililolowa linalogandama mgongoni hutumia hicho hicho, na shati la shemeji lilikuwa pale pale kuthibitisha. Koko Kufuli akapewa clutch, yaani kukaza vidole kwa hofu ya kupoteza. Shemeji aliposikia kwamba Waingereza huita hivyo pia ambreyaji ya pikipiki, kile kinachounganisha injini na gia, alifurahi hata akasahau kuku.

Grip ni kushika imara pasipo kuteleza. Mkono una grip, na tairi kwenye matope ya njia yetu inaitafuta pia. Kuku alitunyima kabisa. Neno hilo lina undugu na agripper ya Kifaransa, na hata la grippe, ile homa inayotulaza sote, limetoka katika ukoo huo kwa sababu humnasa mtu. Clench alipewa mama watoto, kwa kuwa kitenzi hicho hupenda ngumi, meno na taya. Clasp ni Koko alipokutanisha viganja na kuyaombea mawese yaliyobaki. Na grasp ni kudaka kitu ukakitia mkononi sawasawa, tena hutumika kwa akili, jinsi nasi tunavyosema mwanafunzi ameshika somo.

Kuku alinaswa na Kupe, chini ya kitanda. Kufuta sakafu kuliniangukia mimi, kama ilivyo desturi ya nyumba hii, na sombe ililiwa bila mawese huku Koko akihesabu hasara. Lakini binti alikuwa ameshika somo. Kesho yake nilimsikia akimfundisha jirani vitenzi vyote bila kamusi, akitaja mtu na mkono wa kila kimoja.

Wazazi wenzangu, mtoto akiwaletea maneno yanayofanana, msimwache apambane na kamusi peke yake. Muulizeni mambo matatu: nani ameshika, ameshika kwa kiungo gani, na kwa nini hataki kuachia. Mwambieni atafute jibu humo humo ndani, kwa koko wake na kwa wadogo zake. Lugha ya mbali hushikika haraka inapopewa watu wa karibu. Na bidoni ya mawese, ifungeni vizuri kwanza.