Sifa za Mzee Asiyeamka na Baridi

Dukani kwangu Njombe, mahali pa kuchapa barua na kutoa kopi za vyeti, palikuwa na mfanyakazi mmoja tu aliyejua thamani yake. Si mimi, maana mimi nilifungua saa moja kamili asubuhi hata Julai, pumzi ikinitoka mdomoni kama moshi wa kuni mbichi. Alikuwa madabodi. Ubao wa sentimita 17 kwa 17, kipimo kiitwacho Mini-ITX kilichoanza mwaka 2001, ulikaa ndani ya kompyuta ya mtumba iliyolingana na bati la biskuti. Ukibonyeza swichi asubuhi, feni ilizunguka kidogo ikasimama, kama mtu aliyefunuliwa blanketi akalivuta tena. Ukirudia, vilevile. Wateja walimwita kibovu. Walimkosea adabu, na leo namtetea.

Kwanza, Mzee alijua heshima. Huku kwetu humrukii mtu mzima na shida zako kabla ya "kamwene". Unasalimu, unauliza habari za nyumbani, za watoto, za mahindi, ndipo unatoa lililokuleta. Kompyuta za siku hizi hazikulelewa hivyo: unagusa tu, tayari zimekukodolea macho. Mzee alitaka kwanza apashwe joto. Nikawa naazima draya kwa dada wa saluni ya jirani. Dakika tano za upepo wa moto, naye anaamka bila kinyongo, anapiga kazi hadi jioni bila hata kukohoa.

Pili, alikuwa mkusanyaji wa watu. Wakati anapata joto, wateja walikaa kwenye benchi wakazungumza. Hapo ndipo nilipojua kwamba mwalimu anayechapisha mitihani kwangu mahindi yake bado yako shambani na nguruwe wa jirani wameshayaona. Dada wa saluni naye hakukosa kuchungulia: "Kaka, leo tena umekuja kumsuka?" Nitajieni mashine nzima iliyowahi kunifanyia ujirani kiasi hicho.

Tatu, alikuwa na haya. Hakuanika maradhi yake mbele ya wageni. Nilimpeleka kwa fundi mara tatu, saa nne, jua limeshapanda, nimempakata ndani ya koti juu ya bodaboda. Akifika alikuwa ameshapata joto la kifua changu. Fundi anabonyeza, Mzee anaamka mara moja, mchangamfu kama bwana harusi. "Mbona mzima?" Nikalipa hela ya kuangaliwa. Mara ya tatu fundi hakumtazama yeye tena, alinitazama mimi.

Basi nikaelewa kuwa ugonjwa wa alfajiri hauonekani na tabibu wa saa nne, na kwamba Mzee alikuwa amenichagua mimi. Nikaazima mita, nikaanza darasa kabla ya jua. Betri ya saa, ile ya duara, ilisoma volti 3: haina kosa. Nikafunga pawasaplai ya kuazima: yaleyale. Nikachomoa ramu, nikasugua meno yake kwa ufutio, nikarudisha: Mzee kimya. Mwisho nikachukua kadibodi, nikatoboa tundu la ukubwa wa shilingi, nikawa napuliza draya mahali pamoja tu kwa kila alfajiri, maana akishaamka, somo la siku hiyo limekwisha. Siku ya nne nilipuliza kando ya prosesa. Akaamka.

Pale zilisimama kapasita tatu kama mitungi midogo. Vichwa vyake, vinavyotakiwa kuwa bapa, vilikuwa vimevimba. Kazi yake ni hii: umeme wa volti 12 hushushwa hapo hadi volti moja na kitu kwa kukatwakatwa mara laki kadhaa kwa sekunde, na mitungi hiyo ndiyo inayotuliza mawimbi kabla hayajaifikia prosesa. Ndani mna majimaji. Miaka na joto vikiyakausha, upinzani wa ndani hupanda, na baridi huupandisha zaidi. Prosesa ikidai umeme ghafla, mitungi inashindwa kuutuliza, ulinzi unakata, feni inasimama. Ukiyapasha yale machache yaliyobaki, yanapitisha umeme tena. Kumbe miezi yote hiyo Mzee alikuwa na kiu, nami nikazidi kumpa moto!

Nikanunua tatu mpya za mikrofaradi 1500, volti 6.3, zenye upinzani mdogo na zinazohimili nyuzi 105. Za zamani hazikukubali kutoka, na hilo nalo ni la kusifiwa, kwani wazee hawaachani ovyo. Lehemu ya kiwandani isiyo na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 217, na matabaka ya shaba ndani ya ubao yalikuwa yakinyonya joto lote la chuma changu. Nikaongezea tone la lehemu ya zamani yenye risasi, inayoyeyuka kwenye nyuzi 183. Zikachanganyika, miguu ikalegea. Nikazipachika mpya, nikichunga mstari wa ubavuni ukae upande wa hasi.

Kesho yake, saa moja kamili, baridi ile ile, nikabonyeza. Akaamka hapo hapo. Dada wa saluni alikuja na draya mkononi, akanikuta naprinti, akasimama kidogo mlangoni, akarudi nayo. Mwalimu alipata mitihani yake kwa dakika mbili, akaondoka bila kukaa. Mpaka leo sijui kesi ya nguruwe iliishia wapi.

Zile kapasita tatu za zamani nimezihifadhi kwenye kopo dirishani. Wahenga walionya kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mitungi hii haina tena tembo wala maji, ndiyo maana nimethubutu kuisifu.