Sifa za Mdokozi wa Mabegi

Watu wa viwanja vya ndege husifiwa sana. Rubani akitua vizuri hupigiwa makofi, mhudumu husifiwa kwa tabasamu lake la saa nane za usiku, na hata yule kijana wa kuzungushia mabegi nailoni huachiwa chenji. Mmoja tu hajaandikiwa hata mstari wa shukrani: mdokozi. Namsema yule ambaye, baina ya kaunta ya kupimia mizigo na mkanda wa kupokelea, hupata dakika chache za faragha na sanduku lako, akalipunguzia uzito, akalifunga vizuri, akaliacha liendelee na safari. Polisi humtaja mara moja moja, lakini kwa lugha yao kavu isiyomtendea haki. Acha leo tumkalishe kwenye kiti cha mbele.

Kwanza nimtenge na watu wasiostahili kuhesabiwa pamoja naye. Yupo anayesimama kwenye mkanda wa kupokelea, akanyanyua begi zima lisilo lake na kutoka nalo mlangoni kwa mwendo wa mtu anayesubiriwa na teksi. Marekani amepata malisho mazuri, kwa sababu viwanja vingi vya kule hurudisha mizigo ya safari za ndani katika ukumbi ambao mpita njia yeyote anaweza kuingia kutoka barabarani. Huyo ni mkwapuzi. Hana jicho wala subira. Anabeba asichokijua, anafika kwake anakuta nepi na vitabu vya uhasibu. Mdokozi hataki begi. Begi la nini? Yeye huchagua. Katika nguo za wiki mbili, viatu na mataulo, mkono wake huenda moja kwa moja kwenye manukato, ukaiacha ile soksi uliyoyaficha ndani yake.

Niwatenge pia wapakiaji wa mizigo. Wengi wao hushinda usiku kucha wakiinua masanduku ya kilo 23 tuliyoyakalia ili zipu ikubali kufunga, na hawajagusa hata leso ya mtu. Mdokozi amejibanza katikati yao, na lawama zake huwaangukia wote. Katika sifa zake zote hii siisifu hata kwa mzaha.

Sasa tazama mazingira ya kazi yake. Ndege kubwa za safari ndefu hupakiwa mizigo ikiwa imeshafungiwa ndani ya makontena. Lakini kwenye Boeing 737, ndege ya safari za kawaida duniani kote, mabegi huingizwa moja moja kwa mkono, na aliye ndani ya tumbo la ndege hawezi kusimama wima. Hupiga magoti, huku joto la mchana limejaa mle ndani na mwenzake anamrushia sanduku jingine kabla hajalipanga la kwanza. Fundi gani mwingine anafanya kazi ya uchaguzi katika hali hiyo? Sonara ana meza, taa na kiti, na bado hukuambia urudi Alhamisi.

Kifaa chake ni kalamu ya wino. Ncha ikisukumwa katikati ya meno ya zipu, meno huachana na begi hupasuka kama papai lililoiva. Akishamaliza haja yake, huvikamata vile vishikio viwili vya zipu, vingali vimefungwa pamoja kwa kufuli lako, akavizungusha mara moja kwenda na kurudi, na meno yote yakaumana tena. Kufuli halikuguswa. Tarakimu ulizoziweka kwa mwaka wa kuzaliwa wa mwanao hakuna aliyezijua. Unalipokea begi, unalitikisa kufuli, unaridhika, unaingia kwenye gari ukimsifu muuzaji wa Kariakoo aliyekuuzia kitu imara. Na kweli ni imara. Tatizo ni kwamba hakuna aliyepita upande huo.

Wamarekani wao walimfanyia heshima ya pekee: walimtengenezea ufunguo. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, sheria ilitaka kila begi linaloingia tumboni mwa ndege likaguliwe, na ilipofika 2003 yakaingia sokoni makufuli ambayo mkaguzi wa TSA, idara yao ya usalama wa usafiri, huyafungua kwa ufunguo mkuu bila kuyakata. Mpango mzuri, ila siri yake ilitegemea funguo chache zisionekane. Mwaka 2014 gazeti la Washington Post likachapisha picha ya kishada cha funguo hizo, zimetandazwa kila jino laonekana. Mwaka uliofuata watu wakachora vielelezo kutokana na picha za funguo hizo, na yeyote mwenye printa ya 3D akaweza kujitolea nakala sebuleni kwake. Kufuli lile bado linauzwa, tena kwa bei ya juu kuliko la kawaida. Mkaguzi wa TSA akishafungua begi hukuachia kikaratasi cha kukuarifu kwamba alipita. Mdokozi hana tabia hiyo ya kupoteza karatasi.

Mashirika ya ndege nayo yangepaswa kumwajiri rasmi. Soma yale masharti ambayo umeyabofya bila kuyasoma uliponunua tiketi. Kwa mashirika mengi utakuta imeandikwa kwamba fedha, vito, kompyuta, kamera, dawa na nyaraka muhimu zisiwekwe katika mzigo wa kukabidhi, zibaki na abiria kwenye begi la mkononi. Ni shauri la busara, na abiria walilipuuza kwa miaka mingi. Alipoanza kulisimamia mdokozi, watu wakashika adabu. Leo hata bibi anayekwenda Hijja kwa mara ya kwanza anajua kwamba dhahabu yake inakaa mwilini, dawa za presha ziko kwenye mkoba, na pasipoti haitoki kifuani. Hakufundishwa na tangazo lolote la kipaza sauti. Alifundishwa na jirani aliyedokolewa.

Wapo wanaomdharau wakidhani hana mchango katika elimu ya sheria. Machi 1975 abiria mmoja alitua Luton, Uingereza, akitoka Italia kwa ndege ya Monarch Airlines. Sanduku lake lilikuwa limeharibika, akaandikisha hilo pale pale uwanjani. Alipofika nyumbani ndipo alipogundua kwamba shati, sweta na makubazi havimo. Vyote pamoja thamani yake ilikuwa pauni 16.50. Mkataba wa Warsaw, uliotawala safari za namna ile, ulimpa siku 7 za kulalamika kwa maandishi kuhusu mzigo ulioharibika, na kuhusu vile vilivyotoweka hakuandika chochote katika siku hizo. Shirika likasema umechelewa. Yeye akajibu kwamba siku 7 ni za kitu kilichoharibika. Kilichotoweka hakikuharibika, kimekwenda. Mahakama za chini zikamkubalia. Kesi ikapanda hadi House of Lords, wakati ule mahakama ya mwisho ya Uingereza, na mwaka 1980 wazee wale wenye elimu wakaamua kwamba begi lililopunguzwa ni begi lililoharibiwa, na siku ni zile zile 7. Bunge la Uingereza nalo lilikuwa limeshaona haja ya kulieleza jambo hilo katika sheria ya mwaka 1979. Haya yote kwa shati, sweta na makubazi! Wapo wabunge wanaomaliza vipindi vitatu bila kuisogeza sheria hata kwa nukta.

Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania na Kenya zote zimo, umezibakiza zile siku 7. Wahenga walimpa mwizi arobaini, na mwenye mali akapewa 7. Sijui ni nani aliyejadiliana kwa niaba yetu. Mkataba huo umeweka pia ukomo wa fidia, ambao tangu Desemba 28, 2024 ni SDR 1,519 kwa kila abiria. SDR ni kipimo cha hesabu cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na kiasi hicho hakiko mbali na dola 2,000 za Marekani. Ukitaka zaidi ya hapo, uitangaze thamani ya mzigo wako pale kaunta kabla ya safari na ulipie nyongeza wakikutaka. Nimesimama kwenye foleni nyingi za kaunta na sijamsikia anayefanya hivyo. Tunatangaza uzito tu, tena kwa kupunguza, huku mguu umelisogeza begi kidogo pembeni ya mizani.

Na usifikiri utalipwa ukomo huo kwa sababu umeutaja. Utaulizwa risiti. Hapo tena mdokozi amekuwa mwalimu: kwa ajili yake watu wamejifunza kutandaza vitu kitandani na kuvipiga picha kabla ya kuvipanga, na kutunza risiti za Dragon Mart ya Dubai hadi wino ukafutika. Wizara ya fedha imetuomba risiti kwa miaka, haikupata mafanikio kama haya.

Wamejaribu kumshinda. Nailoni, nasema kwa haki, humkera, kwa kuwa haifungiki tena baada ya kukatwa, naye ni mtu asiyependa kuacha alama. (Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 1, 2019, ililenga mifuko ya kubebea, na wageni waliambiwa waiache uwanjani. Hapo ndipo ungemwona mtu akivuliwa kimfuko cha maandazi, huku pembeni yake limelala begi lililovikwa nailoni tabaka saba.) Mwaka 2018 chama cha mashirika ya ndege, IATA, kiliyataka mashirika yaandike kila begi linapopita hatua nne: linapokabidhiwa, linapopakiwa, linapobadilishwa ndege na linaporudishwa kwa mwenyewe. Mdokozi hakuwa na pingamizi. Yeye hufanya kazi kati ya hatua na hatua. Apple ilipotoa AirTag mwezi Aprili 2021, watu wakasema sasa basi. Kidude kile hukwambia begi liko wapi. Hakikwambii limebaki na nini.

Kinachomshinda kweli ni mama zetu. Mwanafunzi anayekwenda ughaibuni hufungiwa dagaa wa Kigoma, unga wa muhogo na chupa ya achari ambayo kifuniko chake hakijawahi kukaza sawasawa. Dagaa wakitangulia juu, vilivyo chini yao hulala salama hadi Minneapolis. Adui wa dagaa ni afisa wa forodha, ambaye ana glavu na mamlaka ya kisheria. Mdokozi ana mikono mitupu na atapanda daladala jioni.

Lakini fadhila yake kubwa kuliko zote imo sebuleni kwetu. Mtu akirudi kutoka Dubai au Guangzhou, au Muscat alikokwenda kuwaona ndugu, hupokewa na watu wenye jicho moja kwake na jicho moja kwenye begi. Shangazi aliagiza abaya, akataja na rangi ya nakshi. Mjomba aliagiza simu, akataja hadi toleo. Shemeji hakuagiza kitu, naye ndiye wa kuogopwa zaidi, maana anangoja auone utu wako. Na fedha, masikini, ziliisha siku ya tatu. Msafiri aseme nini? Kusema “sikuwa nazo” mbele ya ukoo ni kujivua nguo. Hapo ndipo mdokozi anapoingia, bila kuitwa na bila ujira.

“Mjomba, simu yako nilinunua, tena ile ile uliyoitaka. Wamelifungua begi uwanjani.”

Sebule nzima huguna. Mjomba, aliyekuwa ameanza kununa, hugeuka mfariji: “Pole sana, mwanangu. Wale watu hawana haya.” Shangazi anaongeza kwamba hata binti wa jirani yalimkuta. Shemeji anauliza uwanja gani, wanatajiwa uwanja wa ng’ambo ambao hakuna aliyewahi kuukanyaga, na chai inaletwa. Ndugu hawajagombana, heshima ya msafiri imesimama, na hakuna aliyejeruhiwa isipokuwa mtu asiyekuwepo. Mdokozi amebebeshwa simu ngapi ambazo hazikutoka hata kwenye kabati la duka! Ametwishwa saa, manukato, viatu vya watoto, hata sufuria za seti. Sijasikia hata siku moja akijitokeza kukanusha. Vyote anavyodaiwa kuchukua vikikusanywa, angekuwa na duka la ghorofa mbili Mtaa wa Msimbazi.

Ninachohofia ni kwamba huduma hii inaelekea mwisho, na si kwa sababu ya kufuli wala kamera. Aliyedokolewa kweli hupita kwenye dawati la mizigo kabla hajatoka uwanjani, akajaza ripoti, akapewa namba ya kumbukumbu: herufi tatu za uwanja, herufi mbili za shirika, kisha tarakimu tano. Zamani hayo aliyajua msafiri peke yake. Sasa mjomba naye ana mjukuu mwenye intaneti. Anakunywa chai yake taratibu, anatoa pole zote zinazostahili, halafu anaomba atumiwe ile namba kwa WhatsApp, amsaidie mwanawe kufuatilia. Na muda anao. Amestaafu tangu mwaka juzi.